Mombasa: Mji Uliovunjwa Mara Nne

  

Ndugu msomaji, kila Ramadhan ikifika tarehe 17 tunakaa msikitini tukasimuliwa vita vya Badr. Siku chache baadaye tunasimuliwa Fat-hu Makka, mwaka wa 8 Hijria. Ni visa vizuri na wallahi sijachoka kuvisikia. Lakini miaka yote niliyokaa madrasa, tangu alifu kwa kijiti mpaka nikamaliza juzuu zangu, sikuwahi kuambiwa hata siku moja kwamba upo mji wa Waislamu hapa hapa Kenya uliovunjwa mara nne ndani ya miaka 84, na kila mara wenyewe wakarudi wakaanza upya. Nimekuja kuyajua haya ukubwani, tena kwa bahati tu.

Mwaka jana likizo ya chuo iliangukia Ramadhan. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja hapa Eldoret akaniambia, "Twende kwetu ukafuturu kama watu." Kwao ni Mombasa, Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni. Mimi Mombasa nilikuwa nimefika mara moja tu, na wanafunzi wenzangu wa shule ya msingi. Tulipigwa picha chini ya zile pembe za ndovu za Moi Avenue, tukaingia baharini, tukala viazi karai, tukarudishwa bara. Basi tukafuturu Eldoret, tukapanda basi la usiku, daku tukalila Mtito Andei tukiwa wima kama askari, na asubuhi tukaamkia kwenye joto.

Baada ya swala ya Alasiri babu yake rafiki yangu akachukua bakora yake akasema anataka "kumuonyesha mgeni mji". Mzee huyu alikuwa fundi mwashi ujanani mwake. Tukapita vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Milango ya nakshi, roshani za mbao juu, paka kila mahali. Mimi macho yananitoka. Babu akasimama mbele ya nyumba moja ya ghorofa mbili, akaniuliza:

"Weye wadhani nyumba hii ina miaka mingapi?"

"Mia tano, babu?"

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mia tano! Hii aliijenga babu yangu mimi. Mwanangu, mji huu ni wa kale, nyumba zake si za kale sana. Za kale zilichomwa."

Nilidhani natembea ndani ya mji wa zamani uliobaki kama ulivyo. Kumbe natembea ndani ya mji uliojengwa juu ya majivu yake wenyewe. Nyumba nyingi unazoziona Mji wa Kale leo ni za karne ya 19 na ya 20. Niliporudi Eldoret nikaingia maktaba, nikatafuta. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze kabla ya moto. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita Mombasa akalala usiku mmoja akielekea Kilwa. Aliandika kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Imam Shafi, ni wacha Mungu na watu wa wema. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ufundi mkubwa. Chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka waliletewa kutoka nje ya kisiwa. Lakini kilichonigusa mimi ni jambo dogo kabisa. Anasema penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vifupi tu, na maji yakitekwa kwa chombo cha mbao chenye mpini. Mtu akitaka kuingia huosha miguu yake kwanza, kisha huipangusa kwenye mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Naomba msomaji ukishike hiki kisima, tutakirudia.

Miaka 167 ikapita. Aprili 1498 Vasco da Gama akatia nanga Mombasa. Hawakuelewana na wenyeji, akaendelea hadi Malindi. Na hapa ndipo mambo yanapoanza, kwani Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa muda mrefu katika biashara, na mfalme wa Malindi akaona huyu mgeni mwenye mizinga ni rafiki wa kumfaa. Akampokea kwa heshima na akampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Walikuwa Waislamu wote wawili, ndugu zangu, wa Malindi na wa Mombasa. Lugha moja, kibla kimoja.

Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, njiani kwenda Bara Hindi kuwa mtawala wa Mreno huko. Tarehe 24 Julai akaiteka Kilwa na kuipora. Katikati ya Agosti akafika Mombasa. Watu wa Mombasa hawakukaa bure. Walikuwa na mizinga, baadhi yake waliizamia wenyewe kutoka kwenye merikebu ya Kireno iliyokwama karibu na Malindi mwaka 1501. Lakini haikutosha. Wareno walianza kwa kutia moto nyumba za makuti usiku, na moto ule ukala mali iliyokuwa imewekwa ya biashara ya Sofala na ya Cambay. Kisha tarehe 15 Agosti wakaingia mjini. Kwa hesabu ya Hijria ilikuwa Mfunguo Sita, mwaka 911, yaani mwezi wenyewe wa Maulid.

Mapigano yalikuwa ya vichochoroni. Mmoja katika wageni wale aliandika kwamba njia za mji zilikuwa nyembamba hata watu wawili hawawezi kupita sambamba, na tena zilizidi kubanwa na viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba. Juu ya madari wenyeji walikuwa wanawatupia mawe. Kwa hesabu ya Wareno wenyewe, waliouawa upande wa Mombasa walizidi 1,500, na upande wao walikufa watano. Mimi hesabu ya mshindi huwa siiamini yote, lakini hata ukiipunguza nusu ni msiba. Walipora vitambaa vya hariri na dhahabu hata vikawashinda kubeba. Zulia moja zuri lilipelekwa kwa mfalme wa Ureno. Nimewahi kujiuliza lile zulia lilikuwa la nyumba ya nani, na kama kuna mtu aliswalia juu yake asubuhi ile.

Sasa inakuja ile barua.

Wageni walipoondoka, mfalme wa Mombasa alimwandikia mfalme wa Malindi. Barua hiyo imetufikia kupitia Wareno. Ndani yake anamweleza kwamba amepita mtu mkubwa akautia mji moto, hakumwacha mwanamume wala mwanamke, mkubwa wala mtoto, hata waliokimbia hawakusalimika, hata ndege wa angani walipigwa. Harufu ya maiti, anasema, inamzuia kuingia mjini mwake. Na mali iliyochukuliwa haihesabiki. Kisha anamwambia sababu ya kumwandikia: ni kwa ajili ya usalama wake yeye wa Malindi.

Niliisoma mara tatu. Huyu ni mtu ambaye mji wake unanuka maiti, na anamwandikia hasimu wake, ambaye ni rafiki wa yule aliyemchoma, kumtahadharisha. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, acha na wao wayaone.

Na Malindi? Mombasa ilijengwa tena. Baada ya miaka 23 ilikuwa imesimama vya kutosha hata Mreno mwingine, Nuno da Cunha, akaona haja ya kuja kuivunja. Hii ilikuwa mwisho wa mwaka 1528. Na safari hii watu wa Malindi walikuwa pamoja naye. Ndio, waliingia Mombasa bega kwa bega na Wareno. Wenyeji wakavuka bara, wakawa wanarudi usiku kushambulia, na homa nayo ikawa inawamaliza wageni mmoja mmoja. Baada ya miezi kama minne da Cunha akaona hakukaliki. Machi 1529 akaondoka, lakini kabla ya kuondoka akauchoma mji.

Hiyo ni ya pili. Ya tatu na ya nne nitazipitisha haraka, kwa sababu zinafanana. Katika miaka ya 1580 alikuja nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, na miji mingi ya pwani ikajiunga naye dhidi ya Wareno, Mombasa ikiwa mbele. Mwaka 1587 Wareno wakaja kulipiza, wakaikuta Mombasa wenyewe wamekimbia, wakaivunja na kuichoma. Mir Ali Bey akarudi, na mwaka 1589 zikaja merikebu nyingine za Kireno kutoka Goa. Wakati huo huo ng'ambo ya pili, upande wa Makupa, lilikuwa limepiga kambi jeshi la watu walioitwa Wazimba waliotoka kusini. Wareno wakawafungulia njia wakavuka. Watu wa Mombasa wakawa katikati, nyuma upanga na mbele mizinga. Wengi walijitupa baharini. Wareno wameandika kwamba Wazimba walikuwa wala watu, na vitabu vingi vimenakili vivyo hivyo, lakini mimi naona aliyewafungulia mlango hana haki ya kuwa shahidi wao.

Wazimba wakaenda Malindi, huko wakapigwa na Wasegeju. Wasegeju wakaja wakaishika Mombasa, halafu wakaikabidhi kwa nani? Kwa mfalme wa Malindi. Akahamia Mombasa yeye na watu wake karibu na mwaka 1592, na Wareno nyuma yake. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, ramani ikichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati.

Fikiria hali ilivyokuwa, ndugu yangu. Wewe ni mtu wa Mombasa, umerudi kutoka bara ulikojificha. Nyumba yako haina paa. Na anayetawala mji sasa ni wa ukoo ule ule ulioshika mwenge pamoja na da Cunha. Mtakutana naye kisimani. Mtakutana naye msikitini Ijumaa.

Hili ndilo nililotaka kulifikisha katika makala hii, kwa sababu sisi vijana tunapenda historia ya upande mmoja. Mreno mbaya, Mwislamu mzuri, takbir, tumemaliza. Mreno alifanya aliyoyafanya na hakuna wa kumtetea. Lakini mlango wa Mombasa ulifunguliwa kutoka ndani ya umma, na walioujenga tena mji waliujenga wakiwa wanaishi na hao waliofungua.

Na hata baada ya hapo mambo hayakunyooka kama hadithi. Mjukuu wa ukoo huo wa Malindi, Yusuf bin Hasan, baba yake aliuawa mwaka 1614 kwa fitina za Wareno. Yeye akachukuliwa mtoto hadi Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme. Agosti 1631 akaingia ngomeni akamuua kamanda, akatangaza kwamba yeye ni Mwislamu, na kisha Wakristo waliokuwa mjini wakauawa, Wareno na Waafrika. Rafiki yangu mmoja husimulia kisa hiki kama ushindi. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wanawake na watoto, na mtu aliyesoma hata kidogo adabu za vita katika dini yetu anajua hilo halina uso. Yusuf mwenyewe mwaka 1632 akaiacha ngome na mji, akaenda baharini, na Wareno wakarudi. Walitolewa na Waomani baada ya mzingiro wa miezi 33, kutoka Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Wakarudi tena kidogo mwaka 1728, mwaka 1729 wakatolewa kabisa.

Sasa tumrudie babu.

Nilimuuliza, watu wale waliwezaje kujenga kila mara, tena haraka hivyo? Hapo ndipo alipopata furaha, maana nimemuuliza mambo ya kazi yake. Akatukalisha barazani akaanza. Nyumba ya kale, anasema, yatoka baharini na kwenye mikoko, huendi mbali kuitafuta. Mawe ni ya matumbawe, kisiwa kizima kimekalia matumbawe. Chokaa yake unaipata kwa kuyachoma hayo hayo matumbawe. Wapanga magogo kwa duara, waweka mawe juu, watia moto, kisha waiacha chokaa ipigwe na mvua mpaka itulie ndipo uitumie. Ukiitumia mbichi itakupasukia ukutani. Dari ni boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwi ndefu, chumba nacho hakiwi kipana. Ndiyo maana vyumba vya Mji wa Kale ni virefu na vyembamba vyote.

"Sasa moto," akasema, akigonga ukuta kwa bakora. "Moto wala makuti. Wala boriti. Ukuta wapasuka, hauli wote. Mtu akirudi ataukuta ukuta wake, aujua. Atia boriti nyingine."

Ndivyo alivyonieleza fundi, na mimi naona ina maana. Waliorudi hawakuanza kwenye uwanja mtupu. Walirudi kwenye mistari ya kuta zao na vichochoro vyao.

Tulipokuwa tumekaa pale ndipo nilipogundua tumekaa juu ya nini. Baraza! Kiti cha mawe mbele ya nyumba, kinachobana njia. Kile kile alichokilalamikia Mreno mwaka 1505 wakati jeshi lake linakwama vichochoroni. Nyumba imebadilika, mwenye nyumba amebadilika, na nani anajua mara ngapi, lakini aliyejenga upya alikumbuka kuweka mahali pa jirani kukaa. Wazee watatu walikuwa wamekaa baraza ya ng'ambo wakingoja Magharibi, mmoja na tasbihi na wawili wanabishana mpira.

Kutoka hapo akatupeleka Msikiti wa Mandhry, ambao kwa mapokezi ya wenyeji ulijengwa mwaka 1570. Ukiisadiki tarehe hiyo, basi msikiti huu ulijengwa kati ya uchomaji wa pili na wa tatu, na mpaka leo unaswaliwa. Mnara wake si kama minara tuliyoizoea. Ni mfupi, mnene chini, unachongoka kwenda juu, umepakwa chokaa nyeupe. Na mbele yake, ng'ambo ya kinjia, kuna nini? Kisima. Wanakitumia kwa udhu. Nilisimama pale, nikavua viatu, nikamkumbuka Ibn Battuta na usiku wake mmoja. Misikiti ya mbao aliyoiona haipo tena. Lakini kisima mlangoni kipo, na mtu anaosha miguu kabla hajaingia.

Nina lalamiko dogo hapa. Mwaka 2011 Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lamu iliingizwa 2001 na Mji Mkongwe wa Zanzibar 2000. Mji wa Kale wa Mombasa wenyewe haumo. Ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990 na serikali yetu, na hilo ni jema, lakini nyumba za kale bado zinaangushwa moja moja na mahali pake yanainuka magorofa ya saruji. Kwa hiyo dunia inaitambua ngome ya aliyeuchoma mji, na mji uliochomwa unasubiri nje ya ukuta. Ngomeni unalipa kiingilio. Ndia Kuu (ndia ndiyo njia kwa Kimvita, nilicheka nilipoambiwa) unapita bure, na watalii wengi wanaipita haraka wakitafuta kivuli.

Wapo waliojenga kwa namna nyingine. Ndugu zetu wa Bosnia walikuwa na daraja katika mji wa Mostar, lililojengwa mwaka 1566 na Mimar Hayruddin zama za Waturuki, karibu umri mmoja na Msikiti wa Mandhry. Tarehe 9 Novemba 1993 likaangushwa kwa mizinga, na waliolipiga ni jeshi la Wakroeshia, majirani waliokuwa upande mmoja nao mwaka mmoja tu nyuma. Vita vilipokwisha daraja lilijengwa upya kwa umbo lile lile, mawe ya aina ile ile, likafunguliwa tarehe 23 Julai 2004, na mwaka uliofuata likaingia orodha ya UNESCO. Ni kazi nzuri sana. Lakini waliosoma habari za Mostar wanajua kwamba kurudisha mawe kulikuwa kazi nyepesi kuliko kurudisha watu wa kingo mbili kunywa kahawa pamoja.

Na sisi hapa Eldoret tusijifanye haya ni mambo ya mbali. Mji wetu ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na nilipoona ile tarehe ya Almeida nilishtuka kidogo. Dini yetu haituruhusu kuamini mikosi ya tarehe, na siamini. Ila ilinikumbusha kwamba na huu mji ulishika moto. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na hapa karibu nasi, Kiambaa, watu waliokimbilia kanisani walichomewa ndani tarehe 1 Januari 2008. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret uligeuka kambi ya waliofukuzwa makwao.

Mimi nilikuwa sijaanza hata shule. Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa na kibanda cha chai na mandazi Langas. Kilichomwa. Wakakaa kambini wiki kadhaa, kisha akarudi, akakijenga pale pale. Na kuna jambo ambalo nyumbani kwetu linajulikana lakini halisemwi: mabati ya kile kibanda cha kwanza yalionekana baadaye kwenye banda la kuku la jirani mmoja. Nyanya aliyajua kwa rangi aliyoipaka mwenyewe. Hakuuliza. Yule jirani yuko mpaka leo, na hunywa chai kwa nyanya karibu kila asubuhi. Mimi nikimuona huwa najifanya nazungumza na simu nisije nikamsalimia. Nyanya ameliona hilo na hulinyamazia.

Kwa hiyo msomaji atanielewa kwa nini ile barua niliisoma mara tatu.

Jioni ile Mombasa, kabla ya adhana, nilimuuliza babu swali la kitoto. Nikamwambia, "Babu, hawa wa Malindi waliwachoma, halafu wakaja wakawatawala. Nyinyi hamna kinyongo?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye ukuta. "Mke wangu ni wa Malindi," akasema. "Futari unayoingoja kaipika yeye. Kinyongo nitakiweka wapi?" Mtu wa baraza ya pili akasikia, akadakia kwamba kinyongo anacho, kwa sababu watu wa Malindi hawajui kupika mbaazi. Wakaanza kubishana, na mwadhini akawakata.

Tulifuturu kwa tende, kahawa chungu, mbaazi kwa mahamri (zilikuwa tamu, namtetea bibi wa Malindi), na sambusa za kima. Kisha tarawehe pale pale Mandhry, mabega yamegusana.

Nyanya nilimsimulia yote niliporudi. Alikuwa anakanda unga wa mandazi ya futari, anasikiliza bila kuinua kichwa. Nilipofika kwenye mfalme wa Malindi kuhamia Mombasa akauliza, "Na wenyewe wakarudi hivyo hivyo?"

"Wakarudi."

"Wakaswali nao msikiti mmoja?"

"Ndio, nyanya. Bado upo, nimeswali ndani yake."

Akakata kipande cha unga, akakisukuma, akakata na kingine. Halafu akaniambia nichukue sahani ile ya kwanza ikishaiva nimpelekee jirani, na nisiishie mlangoni.